Siku Tulipolinyoa Gari la Simiyu

Mwezi haupiti bila kijana mmoja kunijia hapa Bungoma, akavua kofia, akaniambia kwamba amepata gari kuukuu na anataka kulipiga rangi mwenyewe nyumbani. Anataka nimwambie rangi ipi anunue. Sijampata hata mmoja aliyeanza kwa kuniuliza jinsi ya kuitoa ile ya zamani. Ndiyo sababu nimeona niandike. Kifua changu hakiniruhusu tena kusema maneno mengi mfululizo. Nikifika katikati ya habari nakohoa, kijana anadhani nimemaliza, anaaga na kwenda kuharibu gari lake.

Mimi sijafika miaka hamsini. Nimeacha kazi mapema kwa sababu ya rangi ile ile niliyoipenda. Miaka kumi na mmoja nilipiga rangi magari na malori, kutoka Kitale mpaka Sirisia, na siku nyingi sikufunga kitambaa puani kwa kuwa nilitaka kunusa kama thina ya kuyeyushia rangi imetosha. Basi funga kitambaa, kiwe kimelowa maji, na ukiona kimebadilika rangi upande wa ndani, toka nje upumue. Jambo hilo sitalirudia. Anayetaka kulisikia mara ya pili aje alale chumbani kwangu asikilize kifua changu.

Aliyenifundisha kazi ni Mistri Harnam, Singasinga mmoja wa Kitale aliyekuwa na karakana ya mabati nyuma ya maduka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu zenye vumbi la kila rangi aliyoipiga wiki hiyo, hata ukitaka kujua lori gani limetoka kwake unatazama kidevu. Hakupenda macho. Ukimaliza kuziba bonde kwenye bodi alikuamuru uweke kitambaa chembamba kati ya kiganja na chuma, ufumbe macho, upitishe mkono polepole. "Jicho naongopa," alisema. "Jicho nataka kwenda nyumbani. Mkono hapana haraka." Mpaka leo nikisimama karibu na gari la mtu, mkono wangu huenda wenyewe, na wenye magari wamewahi kunifukuza wakidhani ni mwizi.

Alikuwa na maneno machache, lakini yalitosha. Mwalimu mmoja wa Ndalu alipiga rangi gari lake chini ya mkuyu ili apate kivuli, mwezi ambao kuyu zimeiva. Alikuja karakana analalamika kwamba ameuziwa rangi mbovu, angalia madoa haya. Mistri alizunguka gari lile mara moja. "Rangi mzuri," akasema. "Ndege mbaya."

Lakini kabla Mistri hajawa mwalimu wangu, nililipiga rangi gari moja nyumbani kwetu Bokoli, bila kujua lolote, na gari hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Lilikuwa dogo, jeusi, la milango minne. Tulilipata mimi na ndugu yangu mkubwa, Simiyu, kutoka kwa mkulima wa Kizungu aliyekuwa akihama. Simiyu alimwendeshea trekta mkulima huyo nje ya Kitale. Mimi nilikuwa karani wa ghala la mahindi mjini. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, nilijua kuandika, sikujua kushika msasa. Kila mwisho wa mwezi tulirudi nyumbani na gari letu, naye Simiyu hakuwahi kuingia uani bila kupiga honi, mara tatu, tangu kwenye ua wa minyaa. Mama alisema honi ile inakausha mayai tumboni mwa kuku. Hata hivyo alikuwa ameshaweka maji ya chai motoni kabla injini haijazimwa.

Mwaka wa pili baada ya Vita Kuu ya Pili, Simiyu alishikwa na homa. Alilala hospitali ya Kitale siku tisa, akafa. Hapakuwa na gari lingine la kumrudisha. Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma, na kwa kuwa alikuwa mrefu na kiti kilikuwa kifupi, ilibidi tumkunje magoti. Niliendesha kutoka Kitale mpaka Bokoli nikiyaona magoti yake kwenye kioo.

Mama alikuwa uani akipepeta wimbi. Aliliona gari likipita kwenye minyaa kimya. Aliweka ungo chini kabla sijafungua mlango.

Tulimzika. Siku ya tatu baada ya maziko tulinyolewa wote kama ilivyo desturi yetu Wabukusu: mama, mimi, Nekesa mke wa Simiyu, watoto, na kila mtu wa mji wetu pale nyumbani, ili msiba ushuke chini pamoja na nywele. Gari nililisukuma nyuma ya ghala letu dogo la mahindi pale nyumbani. Kuku wakaanza kutaga ndani yake, na hakuna aliyewafukuza.

Mwaka ulipita. Miguu ya mama ikaanza kuvimba, kisha pumzi ikawa fupi, akawa halali ila ameketi. Dresa wa zahanati alimgusa miguu, kidole chake kikaacha shimo, akaniita pembeni. Alisema moyo wa mama umechoka, dawa yake hana, daktari yuko Kitale, na nimfikishe kabla ya mvua za masika, maana mvua zikianza barabara ile huwa uji, na mgonjwa wa namna hii hawezi kungoja ikauke. Nilimjaribu kwa baiskeli. Hatukufika hata kwa jirani wa tatu. Alishikwa na kizunguzungu akateleza, nikamdaka kwa mkono mmoja. Mahali pa kupandia basi palikuwa mbali naye hakuweza kutembea.

"Mama, gari lipo," nilisema.

"Nimeliona."

"Nikilitengeneza injini, kesho kutwa tuko Kitale."

"Mimi siingii katika lile."

"Kwa nini?"

"Wafula, usiniulize kitu unachokijua."

Nikafikiri ninajua. Nilifikiri ni weusi wake. Alikuwa ameliona jeusi likimletea mtoto aliyekufa; nikilifanya la rangi nyingine, litakuwa gari lingine. Nilinunua Kitale rangi ya kijani kama jani la mhindi mchanga na kopo la thina. Nikaazima bomba la mkono la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Ili vumbi lisipande nilifanya kama tunavyofanya kabla ya kuanika wimbi: uwanja ukasiribwa kinyesi cha ng'ombe, ukawa laini. Hapo pia nilikosea, maana niliusiriba asubuhi nikapiga rangi adhuhuri. Uwanja mbichi hutoa mvuke, na mvuke huingia kwenye rangi ikawa na ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Siriba, ndiyo, hakuna sakafu bora kuliko hiyo, lakini iache ikauke siku mbili.

Gari nililiosha kwa maji na sabuni, basi. Nekesa ndiye aliyepiga bomba nami nikashika mpira.

"Shemeji, bomba hili tumelitumia jana kuua kupe," alisema. "Leo tunaua nini?"

"Tunaua huu weusi."

"Haya. Kupe walikufa haraka."

Rangi ilitoka kwa matone mazito, ikateremka kwenye milango kwa michirizi. Mafundi huiita machozi, lakini wakati ule sikuwa na jina lake. Hata hivyo gari zima lilikuwa kijani na moyo wangu ulifurahi. Nilikwenda kunawa mikono. Niliporudi rangi ilikuwa imejikunja gari zima, kama ngozi inayokaa juu ya maziwa yaliyochemka, na kwenye mikunjo ule weusi ulikuwa unachungulia.

Nekesa aliweka bomba chini. "Shemeji," akasema taratibu, "gari lako limezeeka."

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwake ameegemea mhimili.

"Nani alilinyoa hilo gari?" akauliza.

"Gari halina nywele, mama."

"Sisi sote tulinyolewa. Hata watoto wanaonyonya. Lile ndilo lililombeba, na lile peke yake limekaa na msiba wake mwaka mzima. Sasa umelivisha nguo mpya juu yake. Umeona wapi mfiwa anavikwa nguo mpya kabla ya kunyolewa?"

Nilikasirika, nitasema ukweli. Nilisema maneno ya mtu aliyesoma, ambayo sitayaandika hapa. Kesho yake alfajiri nilipanda baiskeli kwenda Kitale kutafuta rangi kali zaidi, nikiwa na kipande cha rangi iliyojikunja nimekifunga kwenye gazeti. Mwenye duka alinielekeza kwa Mistri Harnam. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona.

Alikinusa kile kipande kama mtu anayenusa mchuzi wa jana.

"Chini iko rangi gani?"

"Nyeusi."

"Ya mafuta. Ya kupaka na brashi. Juu yake wewe naweka ya thina. Thina nakula mafuta." Alinirudishia kipande changu. "Wewe nafikiri rangi ni blanketi? Nafunika mgonjwa, basi mgonjwa napona?"

"Nipe iliyo kali zaidi, mzee. Nina mgonjwa kweli, sina wakati."

Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nani mgonjwa?"

"Mama yangu."

"Pole. Lakini hapana iko rangi kali kwa mama. Toa yote. Mpaka chuma. Chuma naona jua, halafu wewe rudi hapa, mimi napatia bunduki ya rangi."

Niliendesha baiskeli kurudi na maneno hayo mawili kichwani, la mama na la Mistri, watu ambao hawakuonana mpaka kufa kwao, na kila nilipoyapima nikayaona ni neno moja.

Nilipofika nilimwambia mama kwamba nitalinyoa. Hakusema kwamba alikuwa ameniambia. Aliomba kisu chake kidogo cha kuvunia wimbi na maji ndani ya kibuyu. Akashika bega langu, tukatembea hatua kumi na kitu mpaka gari, naye akipumzika mara mbili njiani. Tangu mazishi hakuwa amelikaribia. Alilowesha mlango wa nyuma, ule tulioingizia na kutolea maiti, kwa kiganja, kama anavyoloweshwa mtu kichwa, akakwangua sehemu ndogo, pana kama jani la mpera. Chuma kikaonekana.

"Nimeanza," akasema. "Maliza wewe."

Sikilizeni sasa namna ya kunyoa gari, maana hapa ndipo mnapokimbia. Kipande cha kioo cha dirisha, kilichovunjika kwa mstari ulionyooka, hukwangua vyema kuliko kisu. Shika kwa tambara nene, kivute kuja kwako, usikisukume. Kingo za bodi ziache mwisho. Baada ya kioo, msasa mkali, kisha mwororo pamoja na maji, uuzungushe kwenye kipande cha mbao ili vidole visichimbe mifereji. Kisha futa kwa petroli na tambara safi, na tangu hapo usiguse chuma kwa mkono uliotoka kula nyama. Mafuta ya kidole kimoja yataifanya rangi ikimbie, ibaki duara kama jicho la samaki, nawe utamlaumu mwenye duka.

Chini ya weusi nilikuta rangi nyekundu, na chini ya nyekundu kijivu. Kila mwenye gari alimfunika mwenzake. Mama aliketi kwenye kigoda akitazama, na siku zile, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alimtaja Simiyu kwa jina. Alisema alizaliwa na kichwa kikubwa. Nekesa akajibu kwamba hakikupungua. Walicheka mpaka mama akakosa pumzi, tukaogopa.

Siku ya tano, nyuma ya gurudumu la nyuma, niligundua kiraka. Mtu alikuwa amekata kopo la mafuta ya kupikia, akalinyoosha, akalipigilia ndani ya bodi kwa misumari midogo iliyopangwa sawa kama meno, kisha akapaka weusi juu. Maandishi ya kopo yalikuwa bado upande wa ndani. Lilikuwa kopo la jikoni kwetu.

"Ni yeye," alisema Nekesa. "Aliniambia kopo limeibwa."

Mama alitaka akiguse. Alipitisha vidole kwenye misumari mmoja mmoja, macho yamefumba, kama Mistri alivyokuja kunifundisha baadaye. "Hakuniambia kwamba anajua hii kazi," akasema.

"Wala mimi, mama."

Nilikiacha. Kilikuwa kimezibwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Siku ya saba mawingu yalikuwa yameushusha Mlima Elgon mpaka nusu yake. Mama alikuwa halali tena hata ameketi. Milango yote ilikuwa chuma kitupu, boneti, kinga za matope, kila kitu, isipokuwa paa. Paa hakuna anayeliona. Mama alikuwa mfupi, na kutoka kwenye kigoda chake hakuona ila kingo. Nilisimama na kopo la rangi mkononi nikipiga hesabu ya mawingu. Nilikuwa na sababu ya kweli: kila siku niliyoongeza niliitoa kwenye pumzi zake.

Aliniita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Limekwisha?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo.

"Bado paa," nikasema.

"Basi bado."

Vijana, nimepiga rangi magari ambayo hesabu yake siijui, na katika kila moja palikuwa na mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Sikuwahi kupafikia bila kuisikia sauti ile. Nilipanda juu ya paa. Nekesa akachukua kipande chake cha kioo akapanda upande wa pili, na watu wa njiani wakasimama kututazama, kwa kuwa hawakuwahi kuona mjane juu ya gari.

Siku mbili zaidi, na jioni zake nikaitengeneza injini. Nilirudi Kitale kwa baiskeli, na Mistri akatimiza ahadi yake: alinipa bunduki ya rangi na tangi dogo la upepo la kujazwa kwa mguu, akanionyesha kwa dakika chache ukutani. Bunduki iwe shubiri moja kutoka kwenye chuma. Mkono uanze kutembea kabla kidole hakijabonyeza, na kidole kiachie kabla mkono haujasimama. Chuja rangi kwa soksi safi. Piga asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka, tabaka tatu nyembamba, wala usitake ya kwanza ifunike. Ya kwanza inatakiwa kusalimia tu. Nilipiga praima, ile rangi ya msingi, nikasugua, nikapiga kijani. Nekesa alikanyaga pampu mpaka miguu ikatetemeka. Rangi ilitulia. Haikujikunja.

Saa tisa alasiri tone la kwanza likaanguka kwenye boneti, likasimama duara, likateleza.

Tulimtoa mama ndani mimi na Nekesa. Alipitisha mkono kwenye mlango wa nyuma.

"Linanuka."

"Ni thina, mama."

"Si mbaya." Nikafungua mlango wa mbele, akatikisa kichwa. "Nitakaa alipokuwa."

Aliingia nyuma, akageuka ubavu, akainua ile miguu iliyovimba mmoja mmoja, akainyoosha juu ya kiti. Kwa kuwa alikuwa mfupi, ilienea. Nilipotazama kwenye kioo niliuona uso wake.

Tulipofika kwenye minyaa akasema, "Piga honi."

Nikapiga mara tatu.

Mvua ilitukuta njiani, tukakwama mara mbili, Nekesa akasukuma mpaka kijani chote kikawa tope. Lakini tulifika. Mama alilala hospitali wiki nne na alitoka kwa miguu yake. Aliishi miaka sita baada ya hapo, na kila mwezi nilimpeleka kwa daktari katika kiti kile. Mimi niliacha ukarani, nikaenda kwa Mistri Harnam, sikurudi tena kwenye ghala. Na tangu hapo sikukaa mahali pamoja. Palipo na lori lililobabuka ndipo nilipolala. Najua madirisha yote ya Sirisia yanavyopokea jua la asubuhi, na bado sijui ni ipi niiite nyumba yangu.

Nilikuwa Sirisia wakati habari iliponifikia. Mama alikuwa amepelekwa hospitali, na safari hii moyo ulikataa. Nilimrudisha nyumbani mwenyewe, katika gari lile lile. Hatukumkunja magoti. Kwenye minyaa sikupiga honi.

Siku ya tatu baada ya maziko bibi mmoja wa mji alitunyoa, mmoja baada ya mwingine, tumeketi mstari uani. Nilipoinuka nikipangusa shingo, Nekesa alikuwa amesimama nyuma ya ghala, kando ya gari, na karai la maji.

"Shemeji," akasema, "amebaki mmoja."

Wakati ule palikuwa pameshakuja dawa ya kutoa rangi; unaipaka, unangoja, rangi inatoka yenyewe kama ganda la yai. Nilikuwa nayo kopo zima katika sanduku langu. Niliiacha humo. Niliingia nyumbani kwa mama, nikachukua kisu chake cha wimbi kilichokuwa kimechomekwa kwenye paa juu ya mlango, nikalowesha mlango wa nyuma kwa kiganja, nikaanza.